Jina Langu kwenye Daftari la Kaka

Katika mji wetu, mtu mzima akiomba daftari ana moja kati ya mawili: amechaguliwa kuwa katibu wa kikundi, au anaumwa. Ukienda kituo cha afya unakwenda na daftari lako, tabibu anaandika humo maradhi yako, nawe unarudi nalo nyumbani kama mwanafunzi aliyesahihishiwa. Kaka yangu Dastan hajawahi kuwa katibu wa kitu chochote. Kwa hiyo aliponijia uani Jumatatu asubuhi, nikiwa nachambua maharage, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Kasi, una daftari jipya?" nilijua kwamba mwili wake una habari.

"La nini?"

"La kuandikia."

"Kuandikia nini?"

"Kasiana, unalo au huna?"

Nilikuwa nalo. Nina miaka kumi na minane, nasoma kidato cha sita shule ya bweni ya masista, na wakati huo nilikuwa nyumbani Mjimwema kwa likizo ya Desemba. Mtu wa bweni hakosi daftari, sabuni wala ushahidi dhidi ya wenzake. Shuleni najulikana kwa utulivu wangu na kwa ibada ya mazishi niliyomfanyia mende wa jikoni, pamoja na wasifu wa marehemu na salamu za rambirambi kutoka kwa panya. Sista mkuu wa bweni alihudhuria bila kualikwa. Nilipewa adhabu ya kufyeka wiki nzima, na nilifyeka kwa heshima zote.

Nilimtazama kaka. Ana miaka ishirini na minane, ni fundi wa sola, na alikuwa amerudi siku kumi zilizopita kutoka Nalasi, wilaya ya Tunduru, ambako alikaa mwezi mzima akiwafungia umeme wa jua wakulima waliouza korosho. Mwezi wa kwanza alikuwa anamwoa Hilda, fundi cherehani wa mjini. Tangazo la kwanza la ndoa yao lilikuwa lisomwe kanisani Jumapili ile ile inayokuja.

"Kaka," nikasema, "siku nne hizi nakusikia ukiimba chooni."

"Mtu haruhusiwi kuimba?"

"Unaimba nyimbo za Kwaresima, na sasa hivi ni Majilio."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Ni yutiai tu," akasema.

Hapo alinichosha. Songea nzima ina yutiai. Mtu akiumwa chini ya kitovu na asitake kuulizwa zaidi, ana yutiai. Mwalimu anayo, dereva anayo, mwimbaji wa sauti ya nne kwaya ya parokia anayo kila baada ya safari.

"Umetumia nini mpaka sasa?"

"Maji mengi. Rafiki yangu Hironimus akanipa vidonge alivyobakiza yeye. Halafu kuna mzizi fulani wa sokoni."

"Umesaidia?"

"Sasa naumwa na tumbo."

"Kaka, ulikuwa Tunduru mwezi mzima."

Akatazama maharage yangu kana kwamba yana jibu. "Ilikuwa siku moja," akasema taratibu. "Siku ya mwisho, kabla ya basi. Tulikuwa tunasherehekea kumaliza kazi."

"Na kinga?"

"Duka lilikuwa limefungwa."

"Tunduru? Msimu wa korosho? Duka limefungwa?"

Nilikwenda kumletea daftari, kubwa, jipya, lenye jalada safi. Alilipokea, akasimama, hakuondoka. Ndipo akanieleza mpango wake, na naomba msomaji auheshimu, kwa maana ni mpango wa mtu aliyekosa usingizi siku nne.

"Twende wote," akasema. "Watu wakituona, watajua wewe ndiye mgonjwa. Wewe kohoa kidogo tu."

Ningekataa, lakini alikuwa mweupe usoni kama unga wa muhogo, na udadisi wangu ni mkubwa kuliko aibu yangu. Tukaenda.

Bahati yetu ilikuwa imetutangulia kufika. Kwenye benchi la kwanza alikaa Mama Lukresia, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, ambaye huja kila Jumatatu kupima presha. Mama huyu hasengenyi. Yeye huombea watu kwa majina yao kamili, mbele ya wengine, akitaja na sababu.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Nani anaumwa?"

"Kasi huyu," kaka akadakia. "Kifua."

Nikakohoa. Ni kikohozi kilichowahi kuniokoa na mchakamchaka wa alfajiri mara kumi na moja, na siku hiyo nilikitoa kikiwa na sehemu zake zote. Mama Lukresia akasogea kwenye benchi kunipisha hewa.

Dirishani, karani aliuliza bila kuinua kichwa, "Jina la mgonjwa?"

Kaka akageuka nyuma. Mama Lukresia alikuwa amenyoosha shingo. Kaka akasema wazi kabisa, "Kasiana Komba."

Nilimfinya kiunoni mpaka akainuka kwa vidole.

"Umri?"

"Kumi na minane."

Karani akaandika juu ya jalada kwa kalamu nene: KASIANA KOMBA, MIAKA 18, KE.

"Shida?"

Kaka akaingiza kichwa chote dirishani. Sikusikia alichosema, lakini nilisikia jibu, na benchi zima lililisikia.

"Chumba namba tano."

Kikohozi huenda chumba namba mbili. Chumba namba tano kina kibao chenye maneno *Magonjwa ya Ngono na Ushauri Nasaha*, kwa herufi ambazo hata asiyesoma amekwisha kusomewa. Mama Lukresia alikitazama kile kibao, akanitazama mimi, akaufunga mkoba wake taratibu kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

"Tukishaingia nitamweleza tabibu ukweli," kaka akaninong'oneza. "Ni jina tu."

"Ni jina tu kwa sababu si lako."

Tabibu aliitwa Sixbert, kijana mwenye sweta la kijani na macho yaliyokwisha kuona kila aina ya uongo. Akalitazama jalada. "Kasiana?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mgonjwa ni mimi," kaka akasema.

"Wewe ndiye Kasiana?"

"Kwa leo."

Sixbert hakucheka, ingawa shavu moja lilitaka. Akanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi lililokuwa karibu na mlango, na mlango ulikuwa wa pazia. Sikutega masikio. Yalikuwa yamefunguka tangu kuzaliwa.

Nilisikia maswali yakiulizwa kwa upole, bila mahubiri hata moja, jambo lililonishangaza mimi niliyelelewa na mahubiri. Lini? Kinga? Usaha? Maumivu? Kisha kaka alipelekwa maabara kutolewa damu, akarudi, akasubiri. Pazia lilitulia. Chini ya pazia niliona viatu vya kaka vikigongana kisigino kwa kisigino, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuona la kuchekesha.

"Virusi vya UKIMWI havijaonekana leo," Sixbert akasema. "Kaswende hakuna. Lakini nakwambia *leo*. Miezi mitatu ijayo unarudi kupima tena, ndipo tutakuwa na uhakika. Ulichonacho kinafanana na kisonono, na kinatibika. Sindano sasa hivi, na vidonge unavimaliza vyote, siyo umpe rafiki yako vinavyobaki."

Kaka alipumua pumzi ambayo nadhani ilitoka Nalasi.

"Una mchumba?"

"Ndiyo."

"Tangu urudi, umekutana naye?"

"Mara moja. Kabla sijaanza kuumwa."

"Basi na yeye ni mgonjwa wangu mpaka nihakikishe si mgonjwa. Mwanamke anaweza kuwa nao asisikie kitu. Haumwi, hachomwi, anaendelea na kazi zake. Huku ndani unamla kizazi, na siku anatafuta mtoto hampati, mnaanza kutafuta mchawi." Nikasikia karatasi zikichanwa. "Kadi hii ni ya mchumba. Hii nyingine ni ya yule wa Tunduru, aende kituo chochote kilicho karibu naye. Nikikutibu wewe peke yako, ni sawa na kuoga ukarudi kulala kwenye tope. Na usikutane na mtu mpaka nyote mmemaliza dawa. Tumeelewana, Kasiana?"

"Dastan," kaka akasema kwa sauti ndogo.

"Kwenye rejesta yangu nimeandika Dastan. Hilo jalada ni juu yako."

Tulirudi kwa miguu. Kaka alichechemea kwa sababu ya sindano lakini uso ulikuwa umechanua. Alinunua masuku, yale matunda ya porini, akanimiminia mkononi yote. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Nimepata wazo. Nitampa Hilda vidonge, nimwambie ni vya minyoo."

"Na sindano? Utamwambia ameumwa na nyuki?"

"Nitamweleza baada ya harusi."

"Baada ya harusi utamweleza nini? 'Mke wangu mpenzi, nilikuficha ugonjwa, sasa tukate keki'?"

"Kasi, Jumamosi tunakwenda kwa katekista kujaza fomu. Jumapili tunatangazwa. Akijua sasa, ataniacha."

"Na asipojua?"

Akatema kokwa ya suku. Sikumlazimisha. Nilidhani dhamiri itafanya kazi yake, kama tulivyofundishwa. Sikujua kwamba dhamiri ya kaka nayo huenda likizo ya Desemba.

Hilda nampenda, na niseme sababu. Aliponishonea sketi ya shule, aliniangalia vizuri, akanishonea ndani yake mfuko ambao hakuna sista atakayeuona mpaka siku ya mwisho wa dunia. Hakuniuliza wa nini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha atembee na ugonjwa asiojua anao.

Jumatano mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Bati la chumba changu lina tundu la zamani, na mama, nilipokuwa sokoni, alianza kuokoa vitu. Alivuta tranka langu la shule, akalifungua aanike madaftari.

Sasa nieleze akili ya kaka yangu. Alikuwa na daftari la kuficha. Akawaza: daftari lifichwe wapi? Akajibu: kati ya madaftari. Akaliweka kwenye tranka langu, baina ya Historia na Baiolojia, akaenda zake kazini akiwa na amani.

Jioni tulikaa mezani watatu, kwa kuwa baba alitangulia mbele za haki nikiwa mdogo. Kulikuwa na ugali, dagaa wa ziwa Nyasa na mboga ya maboga. Mama, ambaye jina lake ni Monika na amefundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini, alikuja na daftari akaliweka kati ya ugali na dagaa.

"Jina la nani hilo?"

"Langu," nikasema.

"Tranka la nani?"

"Langu."

"Basi soma ndani, darasa zima lisikie."

"Mama, hilo daftari ni la kaka."

Mama akacheka kicheko kisicho na meno. "Jinsia KE. Kaka yako ni KE? Mama Lukresia amenikuta kisimani, ananiambia anakuombea. Nikamwambia mwanangu ana kifua. Akaniambia, 'Ndiyo, mama, kifua cha chumba namba tano.'"

"Muulize kaka."

Dastan alikuwa anakunywa maji. Alikunywa kikombe chote, akakigeuza kuona kama kimebaki kitu, akanywa na hewa.

"Dastan," mama akasema, "dada yako anasema kweli?"

Nilimtazama. Nikampa nafasi, tena kubwa, yenye mlango na madirisha.

"Mama," kaka akasema, "mimi ninachojua, Kasi alikuwa anakohoa."

Mbele ya Mungu na dagaa.

"Kaka ndiye mgonjwa!" nikasema. "Alitoa jina langu dirishani kwa sababu ya Mama Lukresia!"

"Kasiana." Mama alinyoosha kidole. "Mwaka jana uliniambia paroko amehamishiwa Roma, nikampelekea kuku wa kumuaga. Mwezi wa sita uliniletea barua ya sista mkuu kwamba una wito wa utawa, nikaifunga kwenye fremu. Leo nikuamini wewe, nimwache mtu ambaye hajawahi kunidanganya?"

Kisha akahamia Kingoni, na mama akihamia Kingoni, mambo yamevuka mpaka wa wilaya. Alisema mengi kuhusu marehemu baba, ada ya shule na masista. Mwisho aliinuka, akatoa kikombe cha bati kabatini, akakiweka peke yake dirishani. Kikombe changu, kuanzia siku ile. Mama anajua vizuri kwamba kisonono hakiambukizi kwa kikombe, amewafundisha hayo watoto wa darasa la saba wa vijiji vitatu. Lakini hasira haijasoma shule.

Nilikitazama kile kikombe. Wengine wangelia. Mimi nilihisi kitu kikitulia ndani yangu, kama mtu anayevaa joho. Mtu mwenye utani hufa kwa uongo wake, hiyo nilikubali, na kuku wa paroko alikuwa ananidai. Lakini nilikuwa bado sijajaribu kumfanyia mtu utani kwa kutumia ukweli mtupu.

Nikasimama.

"Mama," nikasema, "nimeona sina pa kukimbilia. Tabibu ametoa kadi ya mwenzi, imo humo ndani ya daftari. Mwenzi huyo lazima apimwe. Jumamosi saa nane mchana atakuwa hapa sebuleni, na kadi atapewa mbele yako. Kaka anamfahamu vizuri."

"Aje," mama akasema. "Aje aone."

Tonge la kaka likaanguka kwenye mchuzi. Sikuwa nimesema neno hata moja la uongo, na nililala usingizi mzuri sana.

Alhamisi kaka aliniletea masuku. Nikala. Ijumaa aliniletea kitenge. Nikapokea.

"Kasi, mwambie mama ulikuwa unatania."

"Nimeacha utani. Nina wito."

"Utaniharibia maisha."

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, mvua imekatika, mama yupo kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaweka kitenge pembeni.

"Kaka, nikuulize kwa adabu. Unaogopa nini hasa?"

"Atanitazama," akasema. "Unajua anavyotazama kitambaa kabla hajakikata? Atanitazama hivyo. Kisha atasema hapana."

"Anaweza kusema hapana. Ni haki yake. Lakini tabibu alisema mwanamke anaweza asisikie kitu kabisa. Leo Hilda amekaa kwenye cherehani anashona gauni lake la harusi, na hajui. Wewe umeshapona nusu. Yeye hajaanza hata kujua kwamba anaweza kuwa anaumwa."

Kaka akashika kichwa.

"Sitamwambia mimi," nikasema. "Nikimwambia mimi, atakuwa amefumania. Ukimwambia wewe, atakuwa ameambiwa. Una mpaka saa nane kesho."

Jumamosi mama alipanga viti kama vya baraza la ardhi. Alikuwa amevaa vizuri, mwiko upo karibu, na Mama Lukresia amealikwa kuwa shahidi, kwa kuwa habari isiyoshuhudiwa naye haijatokea. Dastan alikaa kwenye kona, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

Saa nane kasoro dakika tano Hilda akaingia. Alikunja mwavuli, akapiga goti kidogo. "Shikamooni."

"Marahaba mwanangu," mama akasema. "Umekuja siku mbaya. Mtakwenda kwa katekista, lakini kwanza tunamsubiri mtu."

"Nani huyo, mama?"

"Mwenzi wa Kasiana," Mama Lukresia akasema, kama anayesoma nia za misa.

Hilda akanigeukia, macho yamemtoka. "Wifi! Una mwenzi na hukuniambia?"

Nilimtazama kaka tu. Mvua ilianza tena juu ya bati, kidogo kidogo. Saa ya ukutani yenye picha ya Bikira Maria ilikuwa inasonga. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, na kunyamaza ni kazi ambayo sina kipaji nayo. Nikahesabu matone. Nilipofika thelathini na kitu niliogopa kweli, kwamba hatasimama, kwamba nitabaki na kikombe cha bati, na Hilda ataondoka na fomu mkononi na ugonjwa mwilini.

Kaka akasimama.

"Ameshafika," akasema.

"Yuko wapi?" mama akauliza, mkono umeshashika mwiko.

"Hilda. Kadi ni ya Hilda. Daftari ni langu. Nilitoa jina la Kasi kwa sababu niliona aibu. Kule Tunduru, siku ya mwisho, nilikuwa na mwanamke mwingine, bila kinga. Nimepata kisonono. Nimeshachomwa sindano. UKIMWI haujaonekana, lakini lazima nirudie baada ya miezi mitatu. Hilda, na wewe unatakiwa upimwe. Nilipaswa kukwambia Jumatatu."

Mama Lukresia alisahau kufunga mdomo. Mwiko ulishuka taratibu mpaka kwenye goti la mama.

Hilda hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama kaka kuanzia kiatu hadi kola, vile vile kaka alivyosema atatazamwa, na nilimwona akisimama wima atazamwe.

"Ulipokuja kwangu uliporudi, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Dalili zilianza baadaye."

"Na tangu ujue mpaka leo ni siku ngapi?"

"Tano."

"Tano." Akatikisa kichwa. "Siku tano unapita dukani kwangu, unaniuliza kama gauni limeisha." Akanyoosha mkono. "Kadi."

Kaka akaichomoa kwenye daftari, akampa. Akaisoma mbele na nyuma.

"Kituo kinafungwa saa ngapi?"

"Tabibu yupo mpaka saa kumi," nikasema.

"Na yule wa Tunduru, umempigia?"

"Bado."

"Mpigie sasa hivi, hapo nje. Na yeye ana mwili."

Kaka akatoka barazani na simu. Tulisikia akijieleza, akinyamaza kwa muda mrefu, akitukanwa bila shaka, akisema "ndiyo" na "samahani" na jina la zahanati. Hilda alisikiliza akiwa amesimama, mwavuli unachuruzika sakafuni. Kisha akanigeukia.

"Wifi, una daftari jipya?"

Nilikimbia kulichukua. Akainama mezani, akaandika jina lake mwenyewe juu ya jalada kwa herufi kubwa zilizonyooka kama mshono: HILDA NCHIMBI.

Tulikwenda wanne, maana Mama Lukresia alikumbuka ghafla kwamba presha yake haikupimwa vizuri Jumatatu. Karani alikuwa yule yule. Hilda akatoa daftari lake, akajieleza, akasogea pembeni.

"Wewe?" karani akamwuliza kaka, akilitazama lile daftari la kwanza. "Huyu Kasiana yuko wapi?"

Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mwalimu wake wa zamani, na wanakwaya wawili.

"Si Kasiana," kaka akasema. "Ni Dastan Komba."

"Sauti."

"Dastan Komba! Miaka ishirini na minane! ME! Chumba namba tano!"

Karani akapiga mstari juu ya jina langu, mstari mmoja mnene. Mwanakwaya mmoja akaanza kucheka, Mama Lukresia akamgeukia. "Unacheka nini?" akamwambia. "Wewe nawe si una yutiai?"

Hilda alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa anajishika paja. Alikuwa nao ugonjwa, bila dalili hata moja, na Sixbert alimwambia amewahi, hakuna kilichoharibika. Damu yake, kwa siku hiyo, haikuwa na kitu kingine. Na yeye atarudi baada ya miezi mitatu.

Nje, mvua ikiwa imekwisha, kaka akasema, "Hilda, fomu ya katekista..."

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia asitutangaze kesho," Hilda akasema. "Miezi mitatu tutakuwa katikati ya Kwaresima, na Kwaresima hakuna harusi. Tutapima tena wote wawili, siku moja, benchi moja. Baada ya Pasaka nitakwambia kama gauni nalimalizia au naliuza."

"Unadhani utalimalizia?"

"Leo nimejua unaweza kusema ukweli ukisukumwa. Mpaka Pasaka nataka nione kama unaweza bila Kasiana." Akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwapo, akaenda zake kuelekea parokiani.

Nyumbani mama alikuwa ameshapika chai. Alikwenda dirishani, akachukua kile kikombe cha bati, akakisuuza, akajimiminia chai yake yeye mwenyewe, akanywa yote akiwa amesimama. Kisha akaniletea mimi kikombe cha kaure chenye maua, ambacho hutolewa kwa paroko peke yake.

Nilinywa polepole, kwa uzito unaostahili.

"Mama," nikasema, "kuhusu kuku yule wa Roma..."

"Usinijaribu," mama akasema, lakini shavu moja lilitaka kucheka.

Jioni ile nilichukua daftari la kaka nikalivalisha jalada jipya la karatasi ya kaki, kama tunavyofanya bweni. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: *Jina: Dastan Komba. Somo: Kusema. Kidato: cha Kwanza.* Nikaliweka juu ya mfuko wake wa vifaa, mahali pa wazi. Asubuhi, kabla ya misa, nilikuta amekaa barazani anamaliza vidonge vyake, daftari lipo magotini, na jalada hajalibandua.